Akriliki imeingia Mji wa Kale: nani atakula faida yake?

Ukipita siku hizi kutoka Marikiti kuelekea Fort Jesus, inua macho utazame vibao vya maduka. Bati lililoandikwa kwa brashi linaondoka. Mahali pake pamekaa herufi za akriliki, zang'ara mchana, na usiku zawaka taa kwa ndani. Majumbani nako, Ayatul Kursiyy iliyokatwa kwa mashine ya leza imekuwa zawadi ya arusi.

Watu wengine wanaipinga kwa kuwa ni plastiki. Mimi nasema tuijue kwanza.

Akriliki si ngeni. Wajerumani walianza kuiuza kwa jina la Plexiglas mwaka 1933. Waingereza wakaiita Perspex, wakaitia kwenye madirisha ya ndege za vita. Daktari Harold Ridley wa London aliona vipande vyake vilivyoruka machoni mwa marubani havikuleta madhara kama ya kioo. Mwaka 1949 akaifanyia lenzi, akampandikiza mgonjwa wa mtoto wa jicho. Uwanja wa Olimpiki wa Munich, wa mwaka 1972, umeezekwa kwa mabamba ya akriliki.

Sifa zake zatufaa Pwani. Yapitisha mwanga kiasi cha asilimia 92, uzito wake ni nusu ya kioo, na haivunjiki upesi. Chumvi ya bahari inayokula bati haiili akriliki, wala jua haliigeuzi manjano haraka. Ukiipasha joto, hukunjika utakavyo.

Lakini ina aibu zake. Hukwaruzika, ukiisafisha kwa spiriti huingia nyufa, na inashika moto. Kuijaza dukani karibu na jiko au nyaya mbovu, katika vichochoro visivyopitika na gari la zimamoto, ni kucheza na roho za watu. Jihadhari pia na bamba za polistireni: kwa macho zafanana nayo, lakini juani hugeuka manjano na kuvunjika.

Hofu yangu kubwa ni kwingine. Nakshi tulizorithi kwenye milango ya Lamu na Mombasa sasa zaweza kukatwa kwa dakika chache na mtu asiyejua hata ua lile laitwaje. Mchoro umetolewa kwenye intaneti, bamba limetoka ng'ambo, na fundi wetu wa kuchonga amekaa barazani hana kazi. Mashine haina kosa. Kosa ni letu, tuliomwacha fundi nje ya mlango.

Katiba yetu imezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi magavana wa Pwani waweke mashine za leza humo, na wamwajiri mzee wa nakshi akae na kijana wa kompyuta: mmoja achore, mwengine akate. Na hizo ada za vibao tunazolipa zije na masharti ya wazi kwa Mji wa Kale: ukubwa gani, taa gani, na mlango wa kale usitobolewe misumari.

Nawe mwenye duka, kabla hujaagiza kibao, uliza mchoro ni wa nani. Mwacha mila ni mtumwa. Kibao kitabadilishwa siku moja. Mkono unaojua nakshi ukizikwa, hauna duka la kuununua.