Kikapu Hiki Kimesukwa na Nani?

Maduka mengi ya kazi za mikono, kuanzia Mwenge jijini Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale Mombasa, yana jibu la haraka kwa kila swali la mteja isipokuwa swali moja. Kikapu kinauzwa kiasi gani? Jibu lipo. Kimetoka wapi? Iringa. Kimesukwa kwa kitu gani? Kwa milulu. Kimesukwa na nani? Hapo jibu huwa "akina mama", na mazungumzo yanakomea hapo. Hoja yangu ni kwamba swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha jumba la maonyesho na duka la bidhaa. Halmashauri, kikundi au mtu binafsi anayetaka kufungua jumba la kuonyesha na kuuza kazi za mafundi wa mkoa wake, kabla hajafikiria taa za kumulika vinyago na picha za kuweka mtandaoni, aamue jambo moja: hakuna kitu kitakachowekwa rafuni bila jina la aliyekitengeneza, kijiji chake na mwaka wa kazi, na majina hayo yaandikwe katika daftari litakalotunzwa hata baada ya kitu chenyewe kuuzwa.

Gharama ya kutokuandika tumeshailipa. Uchongaji wa Wakamba, unaojulikana duniani kote, huelezwa kuwa ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa Tanganyika, akajifunza kwa wachongaji wa huku, akarudi kwao na kuanza kuchonga vinyago vya kuuza. Kutoka mikononi mwake ufundi ulienea Wamunyu, kisha ukafika Nairobi na Mombasa na kulisha maelfu ya familia. Jina lake tunalo. Majina ya waliomfundisha hatuna. Wapo wanaosema walikuwa Wazaramo, wapo wanaosema Wamakonde, na ubishi huo hauna wa kuumaliza kwa kuwa hakuna aliyeandika. Upande wa Wamakonde wenyewe, waliotoka nyanda za Mueda, Msumbiji, na kuleta tezo zao Dar es Salaam, tunamjua Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani, anayehusishwa na mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana kama nguzo moja. Tunawajua kwa sababu walikuwapo wanunuzi waliojali, akiwamo Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, waliotaka kujua nani kachonga nini. Wenzao mamia waliochonga miaka ile ile, wengine pengine kwa ustadi uleule, wamebaki "Mmakonde, Tanzania" kwenye vibao vya makumbusho.

Jina lina faida nyingine zaidi ya heshima. Ni sehemu ya bei, na ushahidi uko karibu nasi. Mchoraji na mchongaji George Lilanga alianza kufanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 1970. Kituo kile kiliwaonyesha wasanii kwa majina yao, na mwaka 1978 kazi za Lilanga zilikuwa zinatazamwa Washington. Alipofariki mwaka 2005, jina lake lilikuwa linatajwa katika minada ya sanaa ya Ulaya. Sasa mtazame mwanamke wa Kikisi wa Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambaye vyungu vyake vimekuwa vikisafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa Matema na mbali zaidi tangu zamani. Ukuta wa chungu chake ni mwembamba, umbo ni la mviringo usio na kasoro, na amelipata bila gurudumu la mfinyanzi la kuendeshwa kwa mguu. Chungu chake kinauzwa kwa bei ya chungu. Tofauti ya kipaji kati ya hao wawili sijui nani anaweza kuipima, lakini tofauti ya kumbukumbu iko wazi: mmoja aliandikwa, mwingine hakuandikwa. Na tukitazama vizuri tutaona kwamba mstari huo umepita mahali pale pale mara nyingi. Waliopewa majina ni wachoraji na wachongaji, ambao wengi wao ni wanaume. Wasukaji, wafinyanzi na watungaji wa shanga, ambao wengi wao ni wanawake, wamepewa jina la kabila. Jumba la mkoa likiendeleza desturi hiyo litakuwa linaendeleza dhuluma, hata kama kuta zake zimepakwa chokaa nyeupe na mlango wake umechongwa.

Wapo wanaosema wateja wa kwetu hawajali majina, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kanga inawakanusha. Mwanamke wa Pwani anayechagua kanga husoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo, lakini pia hutafuta alama ya mwenye mali. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, imechapisha "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake kwa vizazi kadhaa, na wanunuzi wameyatafuta maneno hayo kwa sababu waliamini kitambaa na rangi vilivyokuwa nyuma yake. Soko letu limejua thamani ya jina kwa zaidi ya karne moja. Lililokosekana ni kulihamisha jina hilo kutoka kwa mwenye duka hadi kwa mwenye mkono. Tena kuna kasoro kubwa ya soko la vinyago ambayo jina lingeitibu: mti mweupe unaopakwa kiwi cha viatu na kuuzwa kama mpingo. Udanganyifu huo unastawi kwa sababu kinyago hakina mwenyewe. Mteja akigundua akiwa hotelini kwamba weusi unabaki kwenye kitambaa, hana wa kumuuliza. Fundi ambaye jina lake limefungwa kwenye kazi hawezi kukubali mchezo huo, na dalali anayemchukulia mzigo hawezi kuucheza bila fundi kujua. Isitoshe, jamii yote ya miti ya mpingo iliwekwa mwaka 2017 chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo mwenye jumba anayetaka kusafirisha vinyago vingi nje anaweza kulazimika kuonyesha mali yake imetoka wapi. Daftari analolikimbia leo huenda akadaiwa kesho na maofisa wa mpakani.

Daftari hilo ndilo pia dawa ya ugonjwa wa mali kauli. Majumba mengi huchukua kazi kwa utaratibu huo: fundi anaacha mzigo, analipwa ukishauzwa. Utaratibu wenyewe si mbaya, kwa kuwa mwenye jumba hana mtaji wa kununua kila kitu papo hapo, na fundi anapata nafasi ya kuonekana. Ubaya huanza pale vikapu ishirini vya watu saba vinapomwagwa kwenye rundo moja. Vikiuzwa kumi na viwili, vya nani vimeuzwa? Mwenye jumba anakisia, fundi anakwenda na kurudi mara nne kwa nauli yake mwenyewe, mwishowe anakubali chochote. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilipata ufumbuzi wa tatizo hili zamani: kila mwanachama ana namba, namba inafungwa kwenye kinyago pamoja na bei, na kinyago kikiuzwa hesabu inakwenda kwa mwenye namba, chama kikibakiza sehemu yake. Ni utaratibu wa karatasi na kamba, na umehudumia wanachama wengi kuliko watakaopata kuhudumiwa na jumba lolote la mkoa. Anayesema kuandika jina kwenye kila kitu ni kazi isiyowezekana aende Changamwe akatazame.

Sheria nayo inalipa jina uzito. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, wa Berne, unasema jina likionekana kwenye kazi, mwenye jina huchukuliwa kuwa ndiye mtunzi mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kazi isiyo na jina ni vigumu kwa fundi kuitetea. Kenya iliporekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, iliingiza haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena. Haki hiyo ni nzuri, lakini atalipwa nani ikiwa kibao kimeandikwa "akina mama"?

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa watu wanaoipenda sanaa hii kwa dhati. Wanasema kiondo ni mali ya jamii, mkeka wa Pemba ni mali ya jamii, ruwaza zake zimerithiwa, na kubandika jina la mtu mmoja ni kumnyang'anya bibi aliyefundisha na kijiji kilichotunza. Nawaheshimu, na Kenya mwaka 2016 ilitunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi kwa niaba ya jamii, ikazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista. Ni sheria inayohitajika. Lakini kumiliki mtindo ni jambo moja, na kazi ya mkono fulani siku fulani ni jambo lingine, na fasihi ya Kiswahili imeishi na yote mawili bila shida. Umbo la utenzi ni la wote, hakuna anayelidai. Hata hivyo Mwana Kupona, alipomaliza utendi wake kwa ajili ya binti yake, alitaja jina lake, akataja kwamba alizaliwa Pate, akataja na mwaka wa Hijria, unaolingana na 1858. Jina, mahali, mwaka. Hakumnyang'anya mtu mizani wala vina. Kwa sababu ya beti chache zile tunajua leo kwamba kazi ile ni ya mwanamke wa Pate, la sivyo wangetokea wa kusema imetungwa na mwanamume fulani wa Lamu. Ninachokidai kwa msukaji wa Iringa ni kile kile ambacho desturi yetu ilimpa mshairi.

Kuhusu kazi zinazopita mikononi mwa wengi, jibu ni fupi. Mkeka huweza kuwa na mtu aliyechuma ukindu, aliyetia rangi, aliyesuka ukili na aliyeushona. Andika wote, au andika jina la kikundi na weka majina ya wanachama kwenye daftari. Wapo pia mafundi wasiotaka majina yao yasomwe hadharani, kwa kuogopa husuda au kwa sababu za nyumbani zinazohusu nani atazishika fedha. Hao wapewe namba, kama Changamwe. Muhimu ni kwamba mwenye jumba akiulizwa anajua.

Wafanyabiashara wana hofu nyingine, ambayo hawaisemi kwa sauti: mteja akilijua jina na kijiji, atakwenda moja kwa moja kwa fundi na kumruka mwenye duka. Wapo watakaofanya hivyo, sikatai. Lakini tazama safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Matema ni zaidi ya siku moja ya barabara, kisha utafute mtumbwi wa kwenda Ikombe, kisha ujue namna ya kufunga vyungu visivunjike kwenye basi. Mfinyanzi mwenyewe hataki kazi ya kupokea wateja mmoja mmoja; anataka udongo, kuni na mnunuzi anayelipa kwa wakati. Usafirishaji, ufungaji, kuhifadhi mzigo na kukaa dukani siku sita kwa wiki ni huduma halali yenye bei halali, na fundi mwenye akili anajua hivyo. Mwenye duka ambaye faida yake yote inategemea fundi asijulikane anapaswa kujiuliza anauza huduma gani.

Pingamizi la mwisho ni kwamba jina huzaa bandia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Katika miaka ile michache alichora picha nyingi, lakini tangu afariki bandia zenye sahihi yake zimejaa. Ni kweli. Hata hivyo mapungufu hapo hayako kwenye jina. Picha zile ziliuzwa barabarani Oyster Bay kwa watu waliokuwa wanapita, hazikupigwa picha, hazikuandikwa popote, hivyo sahihi ilibaki peke yake bila shahidi. Leo simu ya mkononi inatosha kupiga picha ya kila kazi inayoingia, mbele na nyuma, na kuihifadhi pamoja na jina na tarehe. Mghushi anaweza kuiga sahihi, lakini hawezi kuingia kwenye kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita na kujiandika humo.

Vinavyohitajika ni kadi ngumu, wino usiofutika, kamba ya katani na daftari lenye jalada la kudumu. Anayefungua jumba mwezi ujao anaweza kuanza navyo siku ya kwanza. Aliyefungua zamani aanze na vikapu vilivyo rafuni leo, apige simu kijijini na kuuliza kila kimoja ni cha nani, hata kama itamchukua mwezi mzima. Nawe msomaji, utakapoingia kununua zawadi ya harusi au ya mgeni anayerudi kwao, uliza jina la fundi kabla ya kuuliza bei, na muuzaji asipolijua mwombe akutafutie, nawe urudi kulisikia.