Mapenzi ya Chapa na Mfuko wa Nyumba



Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini wa polisi. Aeleza kwamba yeye na mumewe wameweka akiba kwa muda wa miaka miwili katika chama chao cha akiba na mikopo, ili wamnunulie binti yao wa kwanza kompyuta ya mapajani, ile tuiitayo laptopu, kwani mwakani binti huyo aingia chuo cha ualimu. Fedha zimetimia, lakini maelewano yamepungua. Baba ashikilia kwamba hatanunua laptopu isiyokuwa ya chapa fulani, kwa sababu mkuu wake wa zamani alikuwa nayo, nayo ilidumu miaka mingi bila kuharibika. Tena ataka iwe na mahali pa kutia diski, kwa kuwa picha za arusi yao na za gwaride la kuhitimu kwake zimehifadhiwa katika diski. Mama aona afadhali wanunue ya bei ndogo kabisa, chapa yoyote, na fedha zitakazosalia zilipe karo ya wadogo. Amalizia kwa kuuliza: "Ndugu mwandishi, uaminifu kwa chapa ni busara, au ni ushabiki tu?"

Swali hili lastahili jibu la makini, kwani akiba ya miaka miwili si mchezo. Kabla sijajibu, niruhusuni niwasimulie kisa cha vita vilivyopiganwa na makampuni makubwa ya dunia, vita visivyokuwa na mzinga wala bunduki, lakini vyenye majeruhi wengi majumbani mwa watu.

Askari alijua jambo hili kuliko raia: bunduki iwe nzuri namna gani, pasipo risasi za kipimo chake ni gongo tu. Ndivyo ilivyo kwa deki na diski. Deki husoma diski za miundo iliyotengenezwa kuisoma peke yake. Anunuaye deki hanunui chombo tu, bali anunua pia ahadi kwamba diski za muundo ule zitaendelea kutengenezwa. Ahadi hiyo haimo mkononi mwa muuza duka, wala pengine haimo mkononi mwa kiwanda kilichotengeneza deki. Imo katika mapatano ya wakubwa.

Wazee wetu walikwisha kuyaona hayo zama za kanda za video. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa muundo wa Betamax. Mwaka uliofuata, 1976, kampuni ya JVC, ya Japani pia, ikatoa VHS. Wengi waliisifu Betamax kwa uzuri wa picha zake, lakini kanda yake ya kwanza ilichukua muda wa saa 1 tu, hali ile ya VHS ilichukua saa 2, muda wa kutosha filamu nzima. Zaidi ya hayo, JVC ilijipatia washirika wengi waliotengeneza deki za muundo wake. VHS ikaenea kote, na mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kutengeneza deki za mshindani wake. Yule mnunuzi aliyekuwa mwaminifu kwa Betamax alibaki na rafu ya kanda ambazo jirani hakuweza kuziazima.

Ugomvi wa namna hiyo ulikaribia kuzuka tena mwaka 1995, ilipotafutwa diski ya filamu. Upande mmoja walikuwa Sony na Philips, upande wa pili Toshiba na Time Warner. Safari hii watengenezaji wa kompyuta walikataa kuunga mkono upande wowote mpaka wagomvi wapatane. Wakapatana, na matunda ya suluhu ile ni DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na kuenea hadi vijijini kwetu. Tazameni faida ya amani: muundo mmoja, deki za viwanda vingi, na bei iliyozidi kushuka.

Lakini penye fedha nyingi, suluhu haidumu. Picha za televisheni zilipoanza kuwa kubwa na safi zaidi, ilihitajika diski yenye nafasi zaidi. Wataalamu walikuwa wamepata mwali wa leza wa rangi ya buluu ya zambarau, ambao mawimbi yake ni mafupi kuliko ya ule mwekundu wa DVD, hivyo waweza kusoma alama ndogo zaidi. Mwezi wa Februari, 2002, makampuni 9, miongoni mwao Sony, Matsushita, Philips, Samsung na LG, yalitangaza muundo wa Blu-ray. Toshiba na NEC hazikukubali, zikaleta muundo wao, ambao baadaye uliitwa HD DVD.

Kila upande ulikuwa na hoja yake. Tabaka moja la DVD lilibeba gigabaiti 4.7, la HD DVD lilibeba 15, na la Blu-ray 25. Blu-ray basi ilikuwa na ghala kubwa. Hata hivyo, HD DVD ilijengwa kwa unene uleule wa DVD, hata viwanda vya zamani viliweza kuitengeneza kwa marekebisho machache na kwa gharama ndogo. Mwaka 2005 pande mbili zilizungumza ili zipate muundo mmoja, lakini mazungumzo yakavunjika.

Hapo ndipo laptopu zilipoingizwa vitani. Mwezi wa Januari, 2004, makampuni ya kompyuta ya HP na Dell yaliingia kambi ya Blu-ray. Apple ikafuata mwezi wa Machi, 2005. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Microsoft na Intel zikajiunga na HD DVD. Kabla mwaka haujaisha, HP, iliyokuwa upande wa Blu-ray, ikatangaza kuunga mkono na upande wa pili vilevile. Askari wa kawaida angefanya hivyo, angeitwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Katika biashara huitwa hesabu nzuri.

Mwaka 2006 Toshiba ilitoa laptopu ya Qosmio yenye HD DVD, na Sony ikatoa VAIO yenye Blu-ray, zote kwa bei ya maelfu ya dola. Sasa mfikirieni mtu aliyekuwa akitumia laptopu za Toshiba kwa miaka mingi, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vyombo hivyo tangu 1985, naye aridhika navyo. Alipokwenda kununua iliyo bora kabisa ya chapa aipendayo, aliandikishwa katika jeshi la HD DVD bila kupigiwa baragumu. Na aliyeipenda VAIO aliandikishwa upande wa pili. Hakuna aliyewauliza wataka kutazama filamu gani, wala zitatolewa na nani.

Ushindi haukuletwa na laptopu. Mwezi wa Novemba, 2006, Sony ilitoa chombo cha michezo cha PlayStation 3, na kila kimoja kilikuwa na deki ya Blu-ray ndani yake. Microsoft kwa upande wake iliuza deki ya HD DVD mbali, kama nyongeza ya Xbox 360. Hivyo watoto walipodai mchezo, wazazi walileta Blu-ray sebuleni bila kukusudia.

Watengenezaji filamu nao waligawanyika. Mwezi wa Agosti, 2007, Paramount iliamua kutoa filamu zake katika HD DVD tu, na wapenzi wa HD DVD wakashangilia. Lakini tarehe 4 Januari, 2008, Warner, iliyokuwa ikitoa miundo yote miwili, ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Mwezi uliofuata maduka ya Best Buy na Wal-Mart ya Marekani, na Netflix iliyokuwa ikiazimisha diski kwa njia ya posta, yakafuata upepo. Tarehe 19 Februari, 2008, Toshiba ikatangaza kwamba yaacha HD DVD. Tangu tangazo la Warner hadi kusalimu amri zilipita siku 46 tu.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Deki za HD DVD ziliendelea kusoma DVD za kawaida, lakini filamu mpya za muundo wake zilikoma. Mwaka 2009 Toshiba yenyewe ilijiunga na chama cha Blu-ray. Jemadari alihamia kambi ya adui kwa amani, akapokewa. Askari wake, yaani wanunuzi, waliachwa handakini na diski zao.

Msidhani kwamba waliokuwa upande wa mshindi walipata yote waliyoyatarajia. Apple, ijapokuwa ilikaa katika baraza la Blu-ray, haikutia deki ya Blu-ray katika kompyuta yake hata moja. Mwezi uleule wa Januari, 2008, ilionyesha laptopu nyembamba ya MacBook Air, isiyokuwa na mahali pa diski kabisa. Na Netflix ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 2007, kupeleka filamu kwa njia ya intaneti. Walipokuwa wakigombea kisima, mto ulikuwa wabadili njia. Mwaka 2014 Sony iliuza kazi yake ya VAIO. Mwaka 2018 Toshiba iliuza sehemu kubwa ya kazi yake ya laptopu kwa Sharp, na kufikia 2020 ilikuwa imejitoa kabisa. Mshindi na mshindwa, wote wawili, waliondoka uwanjani.

Sasa narudi kwa mama aliyeniandikia, na kwa bwana wake, ambaye namheshimu. Bwana Sajini, uaminifu ni sifa kubwa ya mtu avaaye sare. Umekula kiapo, na dola nayo ina wajibu wake kwako: mshahara, matibabu, na malipo ya uzeeni. Uaminifu huo una pande mbili. Lakini kampuni haikula kiapo mbele yako. Hubadili washirika kwa faida yake, huacha muundo kwa faida yake, na huweza kuuza jina lake ukutani hali bado unalisifu. Usiisujudie chapa kama bendera. Ile laptopu ya mkuu wako ilidumu kweli, lakini iliyodumu ni ile, si jina lililoandikwa juu yake.

Nawe mama, usifurahi mapema. Bei ndogo kabisa pia si busara. Mimi mwenyewe niliwahi kununua simu ya bei ndogo ambayo tundu lake la chaji lilikuwa la namna yake. Waya wake ulipokatika, nilizunguka mjini siku tatu nisipate mwingine, na simu nzima ikawa mchezo wa mtoto. Yaliyonipata ni yaleyale ya wenye HD DVD: chombo kizima kisicho na mwenziwe.

Basi kabla fedha hazijatoka, fanyeni haya pamoja.

Kwanza, ulizeni chuo binti atahitaji programu gani, na laptopu yenye nguvu kiasi gani yatosha. Andikeni katika karatasi, mwende nayo dukani.

Pili, mwendeeni fundi wa mjini mwenu, mmwulize ni laptopu zipi azipatiazo betri, chaji na vipuri bila kuagiza mbali. Chapa yenye fundi karibu yashinda chapa yenye sifa mbali.

Tatu, tazameni matundu yake. Yawe ya kawaida, yale yakubaliyo vyombo vya kila kiwanda, si ya kiwanda kimoja tu.

Nne, dai karatasi ya dhamana yenye mhuri, na laptopu iwashwe mbele yenu kabla ya kulipa.

Na zile diski za arusi na gwaride? Zisiwe sababu ya kuchagua laptopu. Iko deki ndogo ya nje, inayounganishwa kwa waya, ambayo huuzwa mbali. Hata kuazima kwa siku moja yatosha. Nakilini picha zote katika laptopu mpya, kisha katika chombo cha pili kitakachowekwa mahali pengine, kwa mfano nyumbani kwa nyanya. Fanyeni hivyo mapema, kwani diski zilizorekodiwa na watu wa kawaida huharibika kwa joto na jua, ziwe zimetunzwa na mwenye mapenzi namna gani.

Swali lilikuwa: uaminifu kwa chapa ni busara au ushabiki? Jibu langu ni kwamba wastahili uaminifu wenu binti aingiaye chuo, na wadogo zake wangojao karo. Kwa wenye viwanda, hesabu yatosha.

Tuonane tena juma lijalo.