Kipaji Peke Yake Hakitoboi Mumbai

Wapenzi wengi wa filamu za Kihindi wanaamini kwamba mwenye kipaji cha kweli atatoboa tu, achelewe asichelewe. Ukiwaomba ushahidi, watakutajia Nawazuddin Siddiqui, kijana wa Budhana, Uttar Pradesh, aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi na leo ni nyota. Mimi nasema maisha yake ndiyo yanayoivunja imani hiyo.

Tazama miaka. Alihitimu National School of Drama, Delhi, mwaka 1996. Mwaka 1999 alionekana katika filamu ya Sarfarosh kama mhalifu anayebanwa maswali na nyota Aamir Khan, halafu basi, hayumo tena. Mwaka 2003, katika Munna Bhai M.B.B.S., akapewa nafasi ya mwizi wa mfukoni anayemwibia mwigizaji Sunil Dutt stesheni. Gangs of Wasseypur, iliyompa nafasi kubwa, ilitoka 2012, naye ana miaka 38. Irudie leo ile sehemu fupi ya Sarfarosh: hofu iko machoni, sauti inaomba na kuhesabu hatari kwa pamoja. Kipaji kilikuwepo tangu siku hiyo. Kilichokuja 2012 ni nafasi, na ilikuja ujana umeshapita.

Mweke kando yake Abhishek Bachchan, mtoto wa nyota Amitabh Bachchan. Filamu yake ya kwanza, Refugee ya mwaka 2000, alianza nayo akiwa steringi. Zilizofuata nyingi zilianguka, moja baada ya nyingine, na bado aliitwa tena, hadi 2004 zilipotoka Dhoom na Yuva. Simdharau, katika Yuva ameigiza vizuri mno, na hapo ndipo penye hoja yangu. Uigizaji unakomaa kwa kuigiza nafasi kubwa, kukosea mbele ya kamera, kisha kupewa nyingine. Mtoto wa Amitabh alipata muda huo. Mtoto wa mkulima akiangusha filamu mbili, nani atampigia simu kwa ya tatu?

Nenda Aram Nagar, Versova, mtaa wa Mumbai unaojulikana kwa usaili wa waigizaji. Kijana anasimama mbele ya ukuta mtupu, anataja jina na urefu wake, anageuza uso kulia na kushoto, kisha anasema maneno aliyopewa muda mfupi tu uliopita. Wengi wanaopita pale wanagombea tangazo la biashara au nafasi ya rafiki wa steringi. Steringi mwenyewe mara nyingi ameshapangwa kabla mlango haujafunguliwa. Kwa wasichana ni vigumu zaidi, maana tasnia hiyo inawahesabia umri kwa ukali ambao haiwafanyii wanaume.

Watayarishaji hujitetea kwamba hakimu ni mtazamaji, anayenunua tiketi. Mtazamaji humhukumu aliyeletwa mbele yake tu. Yule aliyeishia kwenye usaili hatamjua kamwe. Tena siku hizi hata hiyo tiketi haihitajiki. The Archies ya mwongozaji Zoya Akhtar ilitoka Netflix mwaka 2023, ikiwa na vijana saba wakuu. Kisa chake kinazunguka mapenzi ya watu watatu, na hao watatu walichezwa na Agastya Nanda, mjukuu wa Amitabh Bachchan; Suhana Khan, binti wa nyota Shah Rukh Khan; na Khushi Kapoor, binti wa nyota Sridevi. Wanne waliobaki wakawa marafiki wa pembeni. Shah Rukh mwenyewe alitoka Delhi bila ukoo wa filamu, akaanzia kwenye tamthilia za televisheni. Sasa jina lake nalo limekuwa mlango.

Njia nyingine ipo, na imeshatumika. Mwongozaji Dibakar Banerjee alitafuta sura ngeni kwa ajili ya Love Sex aur Dhokha ya 2010, tukampata mwigizaji Rajkummar Rao. Wasseypur ilimpa Mukesh Chhabra kazi ya kuchagua waigizaji, na skrini ikajaa watu waliokuwa hawajulikani. Watayarishaji wanaodai kuthamini kipaji waifanye nafasi ya steringi iwe ya usaili wa wazi, watoto wao wasimame mbele ya ukuta uleule, na mgeni atakayechaguliwa asainishwe filamu tatu tangu mwanzo, ili ya kwanza ikianguka asirudishwe kwenye foleni.