Mbio Si za Vijana Peke Yao

Alfajiri moja wiki iliyopita nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka mazoezini, viatu vya raba miguuni na jasho likinitiririka, nikapita penye baraza walipoketi wazee wenzangu wakinywa kahawa. Nilipotoa salamu wakaniitikia, kisha mmoja wao akasema, "Wakimbia nini, bwana? Mauti hayakimbiwi!" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini neno lile halikunitoka moyoni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Kwetu pwani mtu akishafika miaka hamsini aghalabu huandaliwa kiti. Akitaka maji hutumwa mtoto. Akitaka kwenda sokoni huitiwa gari. Mbio huonekana ni kazi ya vijana, au ya ndugu zetu wa Bonde la Ufa, na mtu mzima akikutwa barabarani akikimbia husemwa kuwa amejivunjia muruwa. Huku nyuma, sukari na shinikizo la damu vinatumaliza tukiwa tumeketi na muruwa wetu. Na nani aliye na muruwa kumshinda Mtume (S.A.W.)? Yeye alishindana mbio na Bibi Aisha mara mbili. Mara ya kwanza Bibi akashinda, ya pili akashinda yeye, na umri wake ulikwisha pita hamsini.

Wala si kweli kwamba umri huizima kasi mara moja. Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Los Angeles mwaka 1984 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia mjini Rotterdam. Edna Kiplagat wetu alikuwa wa tatu katika mbio za Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Na Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48 mwaka 2004, naye ni mzee wa miaka 73! Mazoezi yake akiyafanya makaburini karibu na kwake, akizunguka kwa mwendo wa pole hata saa tatu.

Mwendo huo wa pole ndio niliokuja kuufahamu baada ya kuumia. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mara ya mwisho niliimaliza kwa saa 4 na dakika 30, yaani dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Sasa nataka saa 4, na hiyo yahitaji dakika 5 na sekunde 41. Nikajiambia, sekunde 43 ni kitu gani? Nikawa kila siku natimka kama mwizi aliyeonekana. Wiki ya tatu msuli wa shavu la mguu ukachanika, nikakaa wiki sita nikichechemea.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mwili wa mtu mzima hujifunza bado, ila hautaki papara. Kwa asiyejizoeza, uwezo wa mwili kutumia hewa hupungua kama asilimia 10 kila miaka kumi; kwa anayejizoeza hupungua polepole zaidi. Misuli nayo hudhoofu, na jeraha hukawia kupona. Kwa hivyo siku nyingi za wiki kimbia kwa mwendo ambao waweza kuzungumza na mwenzio bila ya kuhema. Siku moja tu iwe ya kasi: dakika tano mbio, dakika mbili pole, kisha urudie. Siku nyingine iwe ya safari ndefu, ukiiongeza kidogo kidogo hadi kilomita 30, kwani karibu na hapo akiba ya wanga mwilini huanza kwisha na miguu hugeuka mawe. Mara mbili kwa wiki nyanyua vitu vizito, misuli ipate nguvu. Pumzika bila ya kuona haya, maana mwili hujijenga wakati wa mapumziko. Na wiki mbili au tatu kabla ya shindano, punguza mazoezi.

Lakini kabla ya hayo yote, nenda kwa daktari ukapimwe moyo, sukari na presha. Hapa kwetu, hasa wakati wa kaskazi, toka mara tu baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijachoma, wala usidharau maji. Mwezi wa Ramadhani punguza mwendo, ukimbie baada ya kufuturu.

Sasa namjibu ndugu yangu wa barazani. Umesema kweli, mauti hayakimbiwi. Hata Whitlock, aliyeyazunguka makaburi miaka yote hiyo, alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 86. Lakini muda usiofika hata mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekimbia marathoni chini ya saa nne. Mwili ni amana, na mwenye amana hutaka airejeshe ikiwa imetunzwa, haikuachwa ikaoza kitini. Kesho alfajiri, inshallah, nitapita tena mbele ya baraza. Atakaye na avae viatu tuandamane. Mwendo wangu ni wa pole, na mazungumzo tutayamaliza njiani.