Usikemee Pepo wa Maiki

Jumapili iliyopita dada yetu alisimama kuimba wimbo wa shukrani baada ya kutoka hospitalini. Ubeti wa pili, maiki ikakatika. Mtu akaanza kukemea shetani. Mimi nikanyamaza, maana namjua aliyenunua ile maiki. Ni mimi.

Tulitaka maiki nne zisizo na waya kwa bei ya moja nzuri, tukasema Mungu atajazia. Kumbe masafa yake hayabadilishiki! Yakigongana na televisheni ya dijitali, au kanisa jirani likiwa na seti kama yako, huna pa kuhamia. Sasa hapo pepo ni yupi?

Na wewe mwimbaji, usicheke. Kuziba kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wale wa kwenye video, ndiko kunakofanya spika zipige yowe.

Wapo watakaosema upako hauhitaji vyombo. Soma 1 Mambo ya Nyakati 15:22. Kenania alipewa uimbaji kwa sababu ya ujuzi wake. Daudi naye alikataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu.

Kamati, msimamo wangu ni huu: tununue mbili tu, za UHF, zinazobadilishwa masafa, na tuzijaribu humu humu kanisani, watu wakiwa wamejaa, kabla ya kulipa. Waimbaji wengine watumie za waya. Waya haujamzuia mtu kuabudu.

Dada yetu, Jumapili hii utaanza upya, ubeti wa kwanza. Betri nitaweka mwenyewe.