Dhuluma Huanzia Mezani pa Karani

Twawaomba muitazame filamu ya Kijerumani iitwayo Nirgendwo in Afrika, iliyoongozwa na Caroline Link na kutolewa mwaka 2001. Ilipigwa hapa Kenya, na mwaka 2003 ikapata tuzo ya Oscar. Sisi twaitaja kwa sababu yaonyesha jinsi dola inavyomgeuza raia kuwa mgeni kabla ya kumwinulia rungu.

Walter Redlich ni wakili Myahudi aliyeukimbia utawala wa Hitler akaja kusimamia shamba huku kwetu. Mkewe na bintiye wakamfuata mwaka 1938. Wakili huyu aling'olewa kwao kwa sheria. Sheria ya Aprili 1933 ilianza kuwatoa Wayahudi katika uwakili. Zile za Nuremberg za Septemba 1935 zikawavua haki za uraia. Amri ya Oktoba 1938 ikataka pasipoti zao zipigwe muhuri wa herufi J. Miaka kadhaa baadaye ndipo yakaja makambi ya mauaji.

Vita vilipozuka mwaka 1939, serikali ya kikoloni ilimtia kizuizini mkimbizi huyo huyo, kwani karatasi zake zilisema ni Mjerumani. Naye Owuor, mpishi aliyemuuguza malaria akapewa joho la uwakili kwa shukrani, ni wa kizazi cha Waafrika walioshurutishwa kubeba kipande. Karatasi iliwahukumu wote wawili pasipo kuwauliza walitenda nini.

Hatusemi kwamba Kenya ni Ujerumani ya Hitler. Twasema kwamba mbegu ile twaijua. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari waliotoka Sudan kulitumikia jeshi la King's African Rifles, nao wameishi hapo zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo, kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati, akadaiwa ushahidi wa asili ya babu yake, huku mwenzake wa kabila jingine akiandikishwa bila swali kama hilo. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilizivunja haki za watoto wa Kinubi.

Asiyekuwa Mnubi asidhani jambo hili halimhusu. Mapema mwaka 2008, Kibera na Kawangware zilipowaka moto, mtu aliweza kuponzwa na jina lililo katika kitambulisho chake. Oktoba 2017 Kawangware iliona tena majirani wakishambuliana kwa misingi ya kabila. Dola inapomfundisha karani kuuliza 'wewe ni wa nani?' kabla ya 'haki yako ni ipi?', vijana wa mtaani hujifunza swali hilo hilo, wakaliuliza wakiwa na panga mkononi.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 12, yampa kila raia haki ya kitambulisho. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba mchujo umekomeshwa. Twalipokea tangazo hilo, lakini tangazo la Rais mmoja laweza kufutwa na Rais mwingine. Twadai Bunge litunge sheria iliyo wazi: masharti yawe sawa kwa kila mwombaji, anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na njia ya kukata rufaa mahakamani.

Tulipigania vyama vingi, na Desemba 1991 Ibara ya 2A ikafutwa. Lakini asiye na kitambulisho hapigi kura, hata vyama viwe mia. Mwananchi, muulize mbunge wako: sheria hiyo ataileta lini?