Glasi ya Maji Imeishinda Simu Yangu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo sitaandika juu ya lugha za programu wala mifumo endeshi. Leo ni nyanya. Lakini msikimbie, tarakilishi zimo humu ndani.

Hapa Gatina nyumba zimebanana na ardhi ya kulima hakuna, kwa hiyo tunalima kwenye magunia. Si jambo geni. Kule Kibera magunia yalienea sana baada ya machafuko ya 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowagawia watu miche wajilimie mboga mlangoni. Mboga yenyewe mara nyingi ni sukuma wiki. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaona sukuma kila mtu anayo, nikapanda nyanya. Magunia manne kando ya ukuta wa ploti.

Nyanya zilipoanza kutoa maua, mche mmoja ukawa unalala saa sita mchana, majani ya juu kwanza. Jioni unaamka. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku ya nne haukuamka tena, na ajabu ni kwamba majani yalikuwa bado ya kijani, hayana doa wala unjano. Basi mimi mtu wa programu nikafanya kile ambacho mtu wa programu hufanya: nikapiga jani picha, nikalipa programu ya simu inayotambua magonjwa ya mimea. Jibu likaja upesi, tena bila wasiwasi wowote: ukungu.

Nikanunua dawa ya ukungu, nikapuliza kwa wiki mbili. Katika wiki hizo hizo nilipogolea magunia yote manne kwa kisu kimoja. Mbaya zaidi, jirani yangu, mama anayeuza mboga, nilimpa miche niliyokuwa nimeotesha kwenye udongo ule ule.

Magunia yangu yote yalikufa. Yake matatu pia, naye alikuwa ameshazihesabu nyanya hizo katika karo ya mtoto.

Aliyetufumbua macho ni mzee wa ploti ya pili, ambaye zamani alilima viazi Kinangop. Alinikuta napuliza, akacheka. "Kijana, hiyo dawa unampa maiti. Niletee glasi ya maji."

Akakata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole. Akakishika juu ya glasi, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji safi yaliyotulia, akaniambia nisiitikise meza. Tukangoja. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama moshi wa maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina. "Huo ni mnyauko," akasema. "Hauna dawa."

Nilikwenda kumweleza mama ukweli, kwamba ugonjwa umetoka kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo simu yako haikuona?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na ndilo nataka kulijibu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mnyauko bakteria. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, walielezwa kisayansi na Erwin Smith huko Marekani mwaka 1896. Wanaishi kwenye udongo na maji, wanaingia kupitia vidonda vya mizizi, kisha wanazaliana ndani ya mirija inayopandisha maji. Ute wao unaiziba mirija hiyo, kama bomba la mtaani lililojaa matope. Maji yamo kwenye gunia lakini hayafiki juu, ndiyo maana mche unanyauka ukiwa wa kijani. Zile nyuzi nyeupe kwenye glasi ni bakteria wenyewe na ute wao. Mnyauko wa ukungu unaoitwa Fusarium huenda polepole, majani ya chini huwa ya njano kwanza, na shina lake hata likiwa na kahawia ndani halitoi nyuzi hizo.

Sasa, simu. Mwaka 2016 Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walichapisha utafiti uliosisimua wengi katika fani hii. Walifundisha tarakilishi kwa picha 54,306 za majani, mimea 14 na magonjwa 26, za mkusanyo wa PlantVillage. Ilipatia kwa asilimia 99.35. Lakini watafiti hao hao waliandika bila kuficha kwamba walipoijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ilishuka hadi asilimia 31 hivi.

Hiyo ya asilimia inajulikana. Wachache huangalia orodha. Katika magonjwa ya nyanya yaliyomo kwenye mkusanyo ule, mnyauko bakteria haumo kabisa! Na utakuwamo vipi, ikiwa kila picha ni ya jani moja lililochumwa na kulazwa peke yake? Ugonjwa uko ndani ya shina. Mkusanyo huo umetumiwa na wanafunzi na wasanidi wengi mno tangu hapo. Programu iliyofundishwa hivyo, ukiionyesha nyanya yenye mnyauko, italazimika kuchagua jibu mojawapo inalolijua. Haikufundishwa kusema "sijui".

Msinielewe vibaya, sipingi teknolojia. Inanilipia kodi. Programu ya Nuru, ya hao hao PlantVillage, inatambua batobato ya muhogo hata bila intaneti, na inasaidia kwa sababu batobato huonekana kwenye jani. Ninachopinga ni sisi wasanidi kuanza na kamera kwa kuwa kamera tunayo, badala ya kuanza na ugonjwa. Mimi naona programu nzuri ya mnyauko haihitaji picha hata moja. Iulize maswali matatu: Umenyauka ukiwa kijani? Ulianza mchana tu? Kuna mwingine jirani yake? Kisha iseme: chukua glasi ya maji. Hiyo inaweza kufanya kazi hata kwenye kabambe, kwa ujumbe mfupi.

Na jibu la haraka lisilo sahihi lina gharama. Mimi lilinipotezea wiki mbili za kusambaza ugonjwa kwa mkono wangu. Hata wakulima wakubwa hupatikana hivyo: mwaka 2003 vipandikizi vya maua ya jeranium kutoka Kenya vilikutwa na bakteria hawa vikiwa vimeshafika Marekani. Mche unaweza kuonekana mzima na bado umebeba.

Haya, kwa mwenye gunia, fanya hivi:

1. Pima kwa glasi kabla ya kununua dawa yoyote. Nyuzi zikitoka, usipoteze hela. Zisipotoka na mche ndio kwanza umeanza kulegea, rudia baada ya siku chache.

2. Ng'oa mche pamoja na mizizi, utie kwenye mfuko, uuchome ukikauka. Usiutie kwenye mboji wala kuutupa mtaroni, maji yatawapelekea wa chini.

3. Kisu na jembe vioshe, kisha vichovye kwenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji. Mikono pia ioshe kwa sabuni.

4. Udongo wa gunia lile usiuhamishe. Panda humo sukuma, vitunguu au mahindi kwa misimu kadhaa. Usipande nyanya, viazi, pilipili, biringanya wala managu, hao wote ni ukoo mmoja na ugonjwa wao ni mmoja.

5. Inua magunia juu ya mawe, maji ya moja yasichuruzikie jingine.

6. Usigawe miche kutoka mahali palipokufa mmea. Hata kama inapendeza. Hasa kwa rafiki.

Kwenye viazi, kata kiazi katikati: mnyauko utauona kama duara la kahawia, nawe ukikiminya kinatoa ute mweupe.

Magunia yangu sasa yana sukuma, na mama nimempelekea miche ya sukuma niliyonunua kwingine, yenye udongo wake safi. Ameipokea. Lakini kwanza aliingia ndani, akatoka na glasi ya maji, akakata mche mmoja akaupima mbele yangu. Nilimwambia sukuma haipati ugonjwa huu. Akasema anajua, lakini anataka kuona mwenyewe.

Sikumlaumu. Tulisimama pale tukiangalia maji, na hakuna kilichotoka.